Gari Jeupe Mbele ya Kambi

Siku ya kwanza ya kambi ya watoto ya likizo, foleni ya wazazi ilitoka nje ya ukumbi wa kanisa ikafika mpaka duka la matairi. Joto la Juni la Houston lilikuwa limeshalainisha lami. Nolvia Zelaya, mpishi mkuu, aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani, alitoka jikoni na sinia la baleada, chapati za kwao Honduras za kukunja na maharage, akagongana na mwanaume mwenye fulana iliyopauka. Chapati nne zikaanguka.

"Samahani, bosi. Nitazila mimi, na vumbi lake."

"Ni za watoto hizo. Wewe una miaka mingapi?"

"Thelathini na nne. Lakini nina njaa kama ya mtoto."

Nolvia alicheka bila kutaka. Mwanaume huyo aliitwa Osmán, fundi wa mapaa, Mhonduras mwenzake. Alikuwa amemshika mkono Keily, msichana wa miaka saba, mtoto wa marehemu dada yake. Shule zikifungwa, chakula cha bure cha shuleni nacho hukatika. Kambini Keily angekula mara mbili kwa siku, na hakuna ambaye angemuuliza karatasi za uhamiaji.

Kuanzia hapo simu ya Nolvia haikutulia.

"Mrembo, Keily anasema leo ulimpa maembe mawili."

"Alisema moja ni la mjomba."

"Halikufika!"

"Basi kesho njoo mwenyewe, mvivu wewe."

Akawa anakuja kila mchana, shati limepigwa pasi, anasaidia kuosha masufuria. Siku moja, povu likiwa limemfika viwikoni, alimbusu Nolvia shavuni, na Nolvia hakufuta.

Wiki ya tatu, gari jeupe lenye vioo vyeusi liliegeshwa ng'ambo ya lango. Halikufanya lolote. Lilikaa tu, injini ikinguruma kutwa nzima. Jumatatu Nolvia alipakua sahani themanini. Jumatano, hamsini. Alhamisi, thelathini na moja. Watoto waliobaki walikula nyuso zimeelekea dirishani. Minong'ono ikaenea kwamba kuna mtu anawapelekea maofisa wa uhamiaji majina ya wazazi.

Mchana huo huo, Nolvia akitupa taka, alimwona Osmán ameinama kwenye dirisha la lile gari. Alitoa karatasi mfukoni. Mkono ukatoka ndani ukaipokea.

Osmán alipoingia jikoni, Nolvia hakumtazama.

"Vipi, mpenzi?"

"Usiniite hivyo. Toka jikoni kwangu."

"Nolvia, nimefanya nini?"

"Toka!"

Jioni simu iliita mara sita. Ya saba alipokea.

"Umewapa jina la nani?" aliuliza.

Osmán akajibu taratibu, "Langu."

"Langu lipi?"

"Langu mimi. Nina barua, kesho natakiwa kwenye ofisi ya wahamiaji. Niliwaonyesha. Nikawaambia, mimi nakuja mwenyewe, ondokeni mbele ya watoto. Wakacheka. Wakaipiga picha."

"Kila mwaka unaenda kuripoti na unarudi, si ndiyo?"

"Mwezi huu wameenda watatu ninaofanya nao kazi. Hakuna aliyerudi."

Nolvia akakaa chini, palepale sakafuni. "Usiende, Osmán. Nakuomba."

"Anwani yangu wanayo. Nisipoenda watakuja kunichukua, na Keily atakuwa kitandani. Hilo sitaki alione."

"Nisamehe. Nilikudhania vibaya."

"Hata mimi ningejidhania."

Asubuhi Osmán alimleta Keily mapema. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe. Mezani, kati ya vitunguu, aliweka hati ya ulezi wa Keily ambayo mwanasheria wa kanisa alikuwa amemwandalia. Nolvia alisaini bila kuketi.

"Kuna swali lingine," Osmán alisema. "Halina karatasi. Nikirudi, utaolewa na mimi?"

"Uniulize ukirudi."

"Mkatili wewe."

"Ndiyo. Ili urudi."

Nolvia alimkumbatia mpaka vifungo vya shati vikamuumiza. Kisha Osmán alimbusu Keily utosini, akavuka barabara, akapita kando ya gari jeupe bila kugeuza shingo.

Saa sita ikapita. Saa nane. Nolvia alipakua sahani kumi na tisa huku simu ikiwa ndani ya aproni. Saa kumi ikaita, namba asiyoijua.

"Ni mimi," Osmán alisema. Nyuma yake milango ya chuma iligongana. "Wamenipa dakika mbili. Keily amekula?"

"Amekula. Ameongeza na maharage."

"Vizuri. Nolvia, wanasema Jumatatu nitakuwa kwenye ndege ya kurudishwa kwetu."

Nolvia alitazama nje. Gari jeupe lilikuwa palepale. Mlango wake mmoja ulikuwa unafunguka.

"Nimekubali," alisema haraka. "Unasikia? Jibu ni ndiyo. Huko utakakotua tutakufuata, mimi na mtoto."

"Sema tena."

"Ndiyo, Osmán. Ndiyo."

Laini ikakatika. Nolvia alirudisha simu ndani ya aproni, akamshika Keily mkono, akaenda kufunga lango kwa komeo.