Maili Nne na Robo

Kila asubuhi Gesare aliteremka kisimani mara mbili kabla ya kwenda shule. Debe la kwanza lilikuwa la chai na uji, la pili la kuoshea vyombo. Akishamaliza alinawa miguu, akavaa sare yake, akapanda kilima pamoja na jirani yake Nyangate. Ilikuwa mwaka wa 1968, na wasichana hao wawili walisoma darasa la saba katika shule iliyokuwa kando ya barabara ya Kisumu, nje kidogo ya mji wa Kisii.

Tangu darasa la tatu Gesare hakuwahi kushika nafasi ya pili. Wageni wakija shuleni, yeye ndiye aliyesimamishwa mbele yao. Baba yake, Mzee Onyancha, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na kila alipopeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuuzia aliwasimulia wenzake habari za binti yake.

Mwezi wa Januari mwaka huo alikuja msichana mgeni. Aliitwa Aloo. Mama yake, Christabel, alikuwa amehama kutoka upande wa ziwani baada ya kufiwa na mumewe, akawa fundi wa cherehani kwenye baraza la duka moja mjini. Aloo hakujua Kigusii. Wenzake walipotaka aelewe, walimsemesha Kiswahili. Walipotaka kumtenga, walirudia Kigusii, wakacheka huku wakimtazama. Nyangate alizoea kuziba pua Aloo alipopita, ati ananuka samaki. Gesare ndiye aliyeanzisha mchezo huo.

Siku moja Mwalimu Obwocha alikuwa akifundisha habari za anga.

"Nyota gani iliyo karibu zaidi na dunia yetu?" aliuliza.

Gesare alisimama bila kungoja kuitwa. "Nyota ya asubuhi, Mwalimu."

"Hapana. Ile si nyota, ni sayari kama hii yetu. Mwingine?"

Kisha Aloo akainua mkono. "Ni jua, Mwalimu."

Watoto waliangua kicheko. Nyangate alipiga dawati kwa kiganja. Lakini mwalimu hakucheka.

"Mnamcheka nani? Yeye ndiye aliyepata. Jua ni nyota. Tunaliona kubwa kwa sababu liko karibu. Kutoka hapa mpaka kwenye jua ni maili milioni tisini na tatu. Nyota inayofuata kwa ukaribu iko mbali maili milioni ishirini na tano, mara milioni moja. Sasa basi, fanyeni hesabu hii nyumbani. Tuseme jua liko inchi moja tu kutoka kwetu. Hiyo nyota ya pili itakuwa wapi?"

Usiku ule Gesare alijaza kurasa tatu kwa sifuri, akashindwa. Kesho yake Aloo alikwenda ubaoni na karatasi moja. Alionyesha jinsi nyota ile ilivyo mbali kuliko jua karibu mara elfu mia mbili na sabini. Kwa hiyo, jua likiwa inchi moja, nyota ile itakuwa inchi elfu mia mbili na sabini. Akazigawanya kwa inchi zilizomo katika maili moja.

"Ni maili nne na robo, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo. "Tukianza kupima langoni petu, jua liko hapa penye ukucha wangu, na nyota ya pili iko huko karibu na soko la Mosocho."

Mwalimu Obwocha alirudi nyuma hatua mbili, akautazama ubao. "Ijumaa mkaguzi wa elimu atatutembelea," alisema. "Aloo, wewe ndiwe utakayemweleza hesabu hii."

Gesare alihisi kama amevuliwa nguo mbele ya watu.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, alimfuata Aloo aliyekuwa amekaa peke yake nyuma ya darasa, akila kiazi. Kwa mara ya kwanza tangu Januari, aliketi karibu naye.

"Aloo, mwalimu amenituma kwako," alisema. "Anataka kigingi hiki kisimikwe pale hasa nyota ilipo, ili kesho mkaguzi apelekwe kwa gari akaone. Uanzie jiwe la maili lililo mbele ya lango. Uhesabu mawe manne, halafu hatua mia nne na arobaini. Ameshakupa ruhusa."

"Sasa hivi?" Aloo alitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya vilima. "Nitakwenda peke yangu?"

"Unaogopa? Basi nitamwambia mwalimu umekataa."

"Hapana, nitakwenda." Aloo alisimama, akatabasamu. Alitoa karatasi ya hesabu mfukoni, akamkabidhi Gesare. "Nishikie hii isije ikalowa. Asante, Gesare. Nilidhani unanichukia."

Gesare alimtazama akitoka langoni na kigingi mkononi, kisha akaenda kumsimulia Nyangate. Walicheka hadi wakashikana mabega.

Saa nane mvua ya mawe ilianguka. Ilipiga bati kwa kishindo hata mwalimu akaacha kufundisha. Barafu nyeupe zilirundikana mlangoni. Kelele zilipopungua, Mwalimu Obwocha alihesabu wanafunzi.

"Aloo yuko wapi?"

Nyangate alimtazama Gesare. Gesare akasimama. "Alikwenda mjini, Mwalimu. Alisema amechoka na shule."

Uso wa mwalimu ulikunjamana. "Kumbe ni mtoro! Na mimi nimempa heshima yote ile. Haya, Gesare, kesho utasimama wewe."

Gesare alisema, "Ndiyo, Mwalimu," akaishika ile karatasi mfukoni mwake.

Ijumaa asubuhi, wanafunzi wakiwa wamepanga mistari uwanjani, mwanamke mmoja aliingia langoni. Viatu vyake vilijaa matope na kitenge chake kilikuwa kimelowa. Alikuwa Christabel.

"Mwalimu, mtoto wangu hakurudi nyumbani," alisema mbele ya wote. "Sijalala. Nimekwenda hospitali, nimekwenda polisi, nimezunguka mji mzima."

"Mama, binti yako alitoroka shule," alijibu Mwalimu Obwocha. "Tena yuko aliyemsikia akisema amechoka na masomo. Mtafute stendi ya magari. Watoto wa mjini mambo yao tunayajua."

Watoto wengine walicheka. Christabel alimwendea Gesare, ambaye mwalimu alimwonyesha kwa kidole, akainama mpaka nyuso zao zikalingana.

"Mwanangu, nakuomba. Alikwambia anakwenda wapi?"

Gesare aliona kope za mama huyo zilivyovimba. Angeweza kusema pale pale. Lakini alimwona Mwalimu, akaiona mistari yote ya watoto, akaona na fimbo.

"Mjini, Mama," alisema.

Christabel alikwenda kuketi barazani, ukutani mwa darasa la saba, kwa kuwa alikuwa ametembea usiku kucha.

Mkaguzi, Bwana Makori, alifika saa nne kwa Landrova. Gesare alisimama mbele na karatasi isiyo yake. Alisoma vizuri. Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hesabu hii umeipiga wewe mwenyewe?"

"Ndiyo, Bwana."

"Safi sana. Na hiyo nyota ya pili iko wapi?"

"Iko maili nne na robo, Bwana. Mawe manne ya maili, halafu hatua mia nne na..."

Hapo sauti ilikatika. Alikuwa ametamka maneno yale yale aliyomwambia Aloo. Dirishani aliona kichwa cha Christabel kimeegemea ukuta, na ndipo akaelewa kitu ambacho tangu jana alikuwa akikikwepa: Aloo alifika kule, wala hakurudi. Usiku kucha mvua ilikuwa ikinyesha, na katika wilaya nzima ni yeye na Nyangate tu waliojua pa kumtafuta.

"Nilimdanganya," alisema. "Nilimtuma mimi. Yuko huko Mosocho. Hesabu ni yake. Mwalimu, hakutoroka!"

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Christabel alikuwa ameshafika kwenye gari kabla ya dereva. Mkaguzi na Mwalimu Obwocha waliingia, na Gesare akasukumwa ndani ili awaonyeshe njia.

Kwenye jiwe la nne walishuka. Gesare alihesabu hatua kwa sauti. Hata kabla hajamaliza walikiona kigingi. Kilikuwa kimesimikwa wima kando ya barabara, kikiwa kimezungushiwa vijiwe vidogo ili kisianguke.

"Aloo!" Christabel aliita. "Aloo!"

Walisikia sauti nyembamba kama ya paka mchanga. Chini ya barabara palikuwa na shimo ulimochimbwa udongo wa kutengenezea barabara. Aloo alikuwa amekimbilia humo kujikinga na barafu, na ukingo uliolowa ulikuwa umemporomokea. Alifunikwa hadi kiunoni, na jiwe kubwa lililalia mguu wake wa kushoto. Alikuwa amepiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Waliazima majembe katika nyumba ya jirani, wakachimba. Gesare naye alichimba kwa mikono, mpaka Christabel alipomwambia, "Ondoka hapo. Usimguse mwanangu."

Hospitalini daktari alisema kuwa kama wangechelewa mpaka jioni, wangekuta maiti. Uhai wa Aloo uliokolewa, lakini mguu ulikuwa umekufa. Jumamosi asubuhi ulikatwa, juu kidogo ya kifundo.

Jumatatu Mwalimu Obwocha alimchapa Gesare na Nyangate mbele ya shule nzima. Kisha akaweka fimbo chini. "Nami nilimwita mtoto yule mtoro bila kuuliza," aliwaambia wanafunzi. "Nilimtukana mama yake akiwa katika shida. Leo nakwenda kumwomba radhi."

Mzee Onyancha hakumchapa binti yake. Sabato iliyofuata, walipotoka kanisani, alimwongoza hadi hospitalini.

Aloo alikuwa amelala, shuka limebonyea pale mguu ulipokosekana. Alipomwona Gesare aligeukia ukutani.

"Aloo, nisamehe," Gesare alisema akilia. "Nisamehe, nakuomba."

Aloo hakugeuka.

"Nyamaza," Christabel alisema. "Hukuja hapa ili ulie, halafu uende ukalale vizuri. Mtihani ni Novemba, na mwanangu hawezi kufika shuleni. Kila siku jioni utaleta masomo yote mliyofundishwa, umsomee. Akikusemesha, sawa. Asipokusemesha, utasoma."

"Atafanya hivyo, Mama Aloo," Mzee Onyancha alisema. "Nimesikia kwa masikio yangu."

Gesare alikwenda kila siku ya shule. Alisoma historia, jiografia na hesabu, akiusomea mgongo. Wagonjwa wengine walijua alichokifanya, wakamsema kwa Kigusii bila kushusha sauti. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu. Hata Aloo aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Gesare aliendelea kumfuata mjini, akisoma kando ya cherehani.

Mwezi wa Agosti, siku moja alikuwa akisoma hesabu ya sehemu.

"Umekosea," sauti ilisema.

Gesare aliinua macho. Aloo bado alikuwa ametazama upande mwingine.

"Mstari wa tatu. Hukupindua sehemu ya pili kabla ya kuzidisha. Rudia."

Gesare alirudia. Tangu siku hiyo walizungumza, lakini ni hesabu tu na masomo. Novemba walifanya mtihani katika chumba kimoja, Aloo akiwa ameegemeza magongo yake kwenye dawati. Matokeo yalipokuja, Aloo alikuwa wa kwanza, akapata nafasi katika shule ya sekondari ya bweni. Gesare naye alipita.

Siku Aloo alipokuwa akiondoka, Gesare alikuja kumbebea sanduku. Aloo alimwachia alibebe, akamuaga kwa kumpa mkono, akapanda basi. Hakusema zaidi ya "Kwaheri."

Gesare alibaki barabarani na Christabel.

"Mama," aliuliza, "je, Aloo amenisamehe?"

Christabel alilifuata basi kwa macho mpaka likapinda kona. "Hilo ni lake, wala mimi siwezi kumjibia. Huenda akakwambia siku moja, huenda asikwambie. Langu ni hili, mwanangu. Siku ile ya Ijumaa ulinidanganya nikiwa nimeinama mbele yako, na saa chache baadaye ulisema kweli. Ile kweli ndiyo iliyonirudishia mtoto. Ungaliisema Alhamisi, mvua ilipoanza, angalirudi na miguu miwili. Wivu humpata kila mtu, hata mimi hunipata. Lakini ukishatenda ubaya, usikae nao ukingoja wakati mzuri wa kuungama. Sema saa ile ile, hata kama fimbo iko mbele yako. Mtu mwingine ndiye anayelipia kila saa unayochelewa."

Gesare aliinamisha kichwa. "Nimesikia, Mama."

"Haya, nenda nyumbani. Mama yako anangoja maji."

Christabel alirudi barazani, akaketi kwenye cherehani, akaendelea kushona.