Pombe Ndani ya Chupa ya Chai

— Weka chini huo wembe!

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni, madaftari ya wanafunzi yamebanwa kwapani. Kwenye kiti, mteja ameshika sikio, damu inachuruzika katikati ya vidole. Kinyozi, mchumba wake wa miaka minne, aliutazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine. Ulikuwa unatetemeka. Saa tatu asubuhi, na tayari ananuka pombe.

— Samahani sana kaka, umeme umenishtua.

— Umeme wa kwenye chupa huo! mteja akafoka, akaondoka na taulo la saluni sikioni.

Mwalimu akafunga mlango.

— Harusi nimeiahirisha.

— Unaniacha?

— Nimesema nimeahirisha. Ningekuwa nakuacha ningekwambia.

— Mpenzi, mimi sitibiki. Si nililala kule kituo cha kuachisha pombe miezi mitatu? Nimetoka, wiki tatu tu, nikaanguka.

— Kuvunjika kwa koleo siyo mwisho wa uhunzi. Njia moja imegoma, zipo nyingine. Kesho saa mbili nakupitia twende hospitali.

— Na nikikataa?

— Utakatalia hukohuko mbele ya daktari. Vaa shati safi.

Kesho yake wakakaa mbele ya mshauri wa hospitali, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakuhubiri. Aliuliza tu:

— Unakunywa kila siku?

— Kila siku.

— Basi usijaribu kuacha ghafla peke yako nyumbani. Mwili uliozoea hivyo, ukiukatia pombe kwa mkupuo unaweza kukuua. Utalala wodini wiki moja, daktari akushushe taratibu kwa dawa. Huo ni mwanzo tu.

— Halafu nirudi kituoni?

— Ulianguka ukiwa ndani au ulipotoka?

Kinyozi akafikiri.

— Nilipotoka.

— Basi tujaribu kukutibu ukiwa nje, kwenye maisha yako. Ikishindikana, kituo kipo. Kuna vidonge vya kupunguza hamu. Kuna kukaa mimi na wewe, tuchimbe kinachokusukuma. Kuna kundi la wenzako wanaopona. Na kuna kikao cha familia. Kisichokufaa tunabadilisha, hii siyo sare ya shule.

— Kundi hapana. Watu wataniona.

— Mtaroni hawakukuona? Mwalimu akadakia.

Mshauri akaangua kicheko. Kinyozi naye, kwa shingo upande, akacheka. Akachagua vidonge, mazungumzo na kundi. Kikao cha familia alikiruka.

Wiki ya sita baada ya kutoka wodini, Kinyozi akamtumia Mwalimu ujumbe: "Leo nimeongea kundini. Sauti imetetemeka, mkono haukutetemeka."

Mwalimu aliusoma ofisini mbele ya walimu wenzake, akajifanya ana mafua.

Wiki iliyofuata, Jumapili mchana, Mwalimu akaenda kumsalimia Kinyozi kwao, alikoishi na mama yake. Alipomkumbatia tu, akajua.

— Umekunywa.

Kinyozi akainama.

— Nimekunywa.

— Umenunua wapi?

— Sijanunua.

— Nani kakupa?

Macho yake yakaelekea kwenye chupa ya chai pale mezani, yakarudi chini haraka. Mwalimu akaifungua. Harufu ikampiga puani. Na nyumba ile, chai anapika mtu mmoja tu.

— Mama!

Mama mkwe mtarajiwa akatokea jikoni, kanga kifuani. Akaona kifuniko mkononi mwa Mwalimu, akashika ukuta.

Mwalimu alitamani kupiga kelele majirani wasikie. Badala yake alitoka nje, akampigia mshauri.

— Njooni wote watatu Jumanne, mshauri akasema. Hata wewe ni mgonjwa wangu siku hiyo.

Jumanne, Mama alikaa ukingoni mwa kiti.

— Mama, kwa nini? Kinyozi akauliza. Nilijua tangu funda la kwanza, na nikamaliza kikombe. Hilo kosa langu. Lakini kwa nini?

— Baba yako hakufa kwa malaria, mwanangu.

— Unasema?

— Aliacha pombe siku moja, kwa hasira. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Akatetemeka siku mbili, ya tatu akanifia mikononi. Juzi nilikuona umeshika kikombe, nikadhani mkono unatikisika. Nikasema bora anywe, awe hai.

Mshauri akavuta kiti karibu naye.

— Mama, mzee hakuwa na daktari. Huyu anaye. Ile hatari tuliivuka wodini. Mwamini mwanao.

— Nisamehe, mwanangu, Mama akalia.

— Na mimi nina langu, Mwalimu akasema. Miaka miwili nimekuwa nawapigia wateja wake, leo nasema anaumwa kichwa, kesho nasema ana homa. Mama alitia pombe kwenye chai. Mimi nilitia uongo.

— Mficha uchi hazai, mshauri akasema. Sasa tunaanza matibabu.

Wakaanza upya. Mama akajiunga na kikao cha ndugu wa wagonjwa, akawa wa kwanza kufika kila wiki. Kinyozi aliteleza mara moja zaidi, mwezi wa tano wa matibabu. Aliwapigia simu wote wawili siku hiyohiyo, akarudi kundini kesho yake.

Mwaka ulipotimia, asubuhi ya harusi, alimvuta Mwalimu pembeni.

— Nilitaka nikuapie mbele za watu kwamba sitakunywa tena maisha yangu yote. Mshauri kanikataza.

— Kasema uape nini?

— Ya leo. Leo sijanywa. Na nikiteleza, utasikia kutoka kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwalimu akamnyoosha kola ya shati, taratibu, kama mtu asiye na haraka tena.

— Hicho nakipokea. Twende, mume wangu, wanatusubiri.