Teleksi ya Kwenda Mombasa

"Mama Waithira, zile karatasi zilikuwa kwa trei ziko wapi?"

"Nimetuma."

"Zote?"

"Zote. Nimesoma moja moja, sijaona kosa hata moja. Siku hizi unaandika vizuri, Rosebella."

Rosebella Nasike alishika ukingo wa meza. Alikuwa ametoka kula, na njia yote kutoka mtaa wa Huruma alikuwa anatembea mbiombio kama mtu aliyeacha jiko likiwaka. Kati ya zile karatasi kulikuwa na moja aliyotaka kuichana.

Huo ulikuwa mwaka wa 1984, naye alikuwa mpiga teleksi wa kampuni moja ya mbao pale mjini Eldoret. Mama Waithira, mkubwa wake, alikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeivunja. Ujumbe unaoandikwa asubuhi hautumwi asubuhi. Unalazwa kwenye trei, watu wanaenda kula, na wakirudi unasomwa upya ndipo uingizwe kwenye mashine. Sheria ilianza siku neno "msipeleke" lilipoandikwa "mpeleke", na lori zima la mbao likaishia mahali lilipokatazwa kufika. Rosebella aliipenda sheria hiyo. Ilikuwa imemwokoa mara nyingi, na asubuhi ile aliitegemea imwokoe tena.

Bethwel Kipyego alikuwa karani wa depo ya kampuni kule Mombasa, kijana wa Kapseret, mtu wa maneno machache. Walipendana kabla hajahamishwa. Shida ilikuwa nyumbani kwa kina Kipyego. Baba yake hakutaka kusikia habari ya msichana wa Kibukusu. Alikuwa ameshamchagulia Chepngetich, binti wa rafiki yake. Kipyego alisema atambembeleza mzee polepole. Kwa kuwa teleksi ilisomwa na kila mtu, wapenzi hao walikuwa na lugha yao. Mwisho wa habari za kazi Kipyego aliongeza mstari mmoja: MZIGO WA KAPSERET BADO MZITO. Siku nyingine: MZIGO WA KAPSERET UMEANZA KUSOGEA. Rosebella angeusoma huku akijifanya anakohoa, asionekane anatabasamu.

Kisha Wasike, dereva wa lori, akarudi kutoka pwani na maneno. Alisema amemwona Kipyego kwa macho yake akitembea na msichana mrembo, wameshikana mikono, na kwamba huyo msichana analala kwake. Hakusema kwa ubaya. Alisema vile watu husema kuhusu mvua.

Rosebella hakulala vizuri. Asubuhi, kabla hajavua koti, aliandika:

KIPYEGO USINITAFUTE TENA. NIMEPATA MTU MWINGINE. NASIKE.

Hakuwa na mtu mwingine. Alitaka tu na yeye aumie. Akaiweka kwenye trei chini ya habari za mbao, akaenda kula, na katikati ya ugali hasira ikamtoka. Aliona wazi kwamba hata hajamuuliza. Akaacha sahani hapo hapo.

"Hata ile ya Kipyego umetuma?" sasa aliuliza.

Mama Waithira akavua miwani. "Nilifikiri umeamua. Ilikuwa imekaa kwa trei kama zingine. Na haikuwa na kosa, msichana wangu."

Rosebella alikaa kwenye mashine akapiga nyingine bila kuingojesha: USISOME YA KWANZA. NILIKOSEA. NAKUOMBA. Jibu lilikuja baada ya muda, kutoka kwa Muthoni wa depo: AMESHASOMA. AMETOKA.

Akaomba simu ya mbali. Opareta alipomuunganisha, Rosebella alimwambia Muthoni yote, hata maneno ya Wasike. Muthoni naye alimweleza kwamba ujumbe ulipotoka kwenye mashine ni Joseph, kuli wa pale, aliyeuchomoa na kuusoma kwa sauti mbele ya wapakiaji wote, akidhani ni mchezo. Watu walicheka. Kipyego aliichukua karatasi, akaikunja, akaenda zake. Kisha Muthoni akauliza kwa upole kama Rosebella alikuwa anajua kwamba dada yake Kipyego, Jepkemboi, yuko Mombasa, analala kwa kaka yake, ameitwa kwa interview ya unesi.

Rosebella aliweka simu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Wiki zikapita. Kila siku mashine ilileta habari za mbao, na mwisho wa habari hapakuwa na mstari wowote. Halafu alasiri moja Kipyego mwenyewe akasimama kwenye lango la kampuni, amekonda. Walitembea hadi ukingo wa mto Sosiani.

"Sina mtu," Rosebella alianza. "Sijawahi kuwa na mtu mwingine."

"Najua. Muthoni aliniambia."

"Nilikuwa narudi kuitoa. Haki ya Mungu, Kipyego. Nilikimbia."

"Hiyo pia najua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Kipyego aliangalia maji. "Siku ile, baada ya kuchekwa, nilienda posta nikampigia simu mjomba wangu kule Kapseret. Nikamwambia amwambie baba afanye vile anataka. Jumamosi hiyo hiyo wazee walienda kuposa kwa kina Chepngetich. Wakapokelewa."

"Si unaweza kuwaambia ulikuwa na hasira?"

"Nilijaribu. Baba aliniuliza, sasa aende kwa rafiki yake na uso gani. Halafu Nasike, huyo Chepngetich amekosa nini?"

Rosebella akaketi kwenye jiwe la ukingoni.

"Mzee alikuwa amekukubali," Kipyego akasema. "Juma lile lile. Mstari ulikuwa tayari, nilikuwa nautuma kesho yake. Mzigo umefika."

Hapo ndipo Rosebella alilia. Kipyego hakumshika. Alisimama kando yake mpaka akanyamaza, kisha akamwomba kitu kimoja tu, kwamba siku ya harusi asije, kwa sababu yeye hataweza kuoa akimwona pale.

"Sitakuja," Rosebella akasema.

Mwezi wa Desemba, Jumamosi, alikuwa kwa mfereji wa maji pale Huruma akifua nguo pamoja na jirani yake Priscah, mama wa watoto wawili aliyehamia juzi kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga. Magari yakapita barabarani yakipiga honi, yamefungwa maua na karatasi za rangi, yakitoka upande wa mji mdogo wa Ziwa, kwa kina bibi harusi. Wanawake wakaacha kufua wakasimama kutazama. Wengine wakapiga vigelegele.

"Hiyo ni harusi ya nani?" Priscah akauliza.

"Ya watu wa Kapseret."

"Unawajua?"

Rosebella alikamua shati, akalikung'uta, akalianika kwenye kamba.

"Hapana," akasema. "Nilisikia tu."

"Basi Mungu awabariki."

"Amina," akasema Rosebella, akainama tena kwenye karai.