BABA MDOGO ALINIITA MKENYA MBELE YA AFISA

"Afande, huyu binti si Mtanzania. Baba yake alitokea Kenya!"

Aliyesema hivyo ni baba yangu mdogo, Nyangwine. Tumbo moja na marehemu baba yangu!

Na alisema huku ameshika soda niliyomnunulia mimi.

Sikupiga kelele. Sikulia. Nilikaa kwenye benchi naangalia vidole vyangu vya miguu kama si vya kwangu.

Subirini niwaeleze vizuri.

Naitwa Felista Wangwe. Mtu wa Tarime, nimekulia Nyamisangura kwenye kiduka cha mama. Chuo nilisoma jiolojia. Walio huku wanajua, tangu dhahabu ianze kufumuka kila kona, kila mtu ni mtaalamu wa mawe, hata muuza maandazi. Mimi nikasema ngoja niwe mtaalamu wa kweli.

Nikapata nafasi ya intanshipu Finland, kwenye maabara ya kupima miamba. Nilirukaruka dukani mpaka mama akadhani nimeona nyoka.

Sharti lao lilikuwa moja tu. Niwe na kibali cha kuishi na kufanya kazi kule kabla msimu wao haujaanza.

Kibali hakiombwi bila pasipoti. Na pasipoti, kwa sisi wa mpakani, lazima ithibitike kwamba wazazi ni wa huku. Siwalaumu. Ukivuka Sirari tu, wale wa ng'ambo wanaongea Kikurya kilekile na majina ni yaleyale.

Upande wa mama haukuwa na shida. Baba ndiye alishafariki, na cheti cha kuzaliwa hakuwahi kuwa nacho. Afisa wa uhamiaji akaniambia kwa upole:

"Mlete ndugu wa damu wa baba yako aje aape kwamba alizaliwa huku."

Nikamfuata Nyangwine kijijini kwao, Susuni. Nauli yangu, supu na chapati zangu. Njia nzima ananiita "mwanangu".

Ndiye huyu sasa, ananiita Mkenya.

"Mzee, una uhakika?" afisa akauliza.

"Kabisa, mura! Wangwe alizaliwa Kehancha, kule Kenya. Alikuja huku ameshakuwa kijana."

"Alikuja na nani?"

"Na... na wazazi wake."

"Ambao ndio wazazi wako?"

"Ndiyo. Sisi ni tumbo moja."

"Wewe ni mdogo wake?"

"Mdogo wake, ndiyo."

"Sasa kama wazazi walikuwa Kehancha mpaka Wangwe akawa kijana... wewe mdogo wake ulizaliwa wapi?"

Soda ikampalia. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mzee, hebu kitambulisho chako."

Afisa akakiangalia, akakiweka juu ya faili langu.

"Basi nyote wawili mko kwenye uchunguzi. Hakuna kusafiri mpaka tujue ukoo wenu ni wa wapi."

Najua mnacheka. Chekeni tu. Mimi hata tabasamu halikuja.

Tulipotoka nje nikamuuliza:

"Baba mdogo, nimekukosea nini?"

"Nyamaza! Umeniponza!"

Eti mimi ndiye niliyemponza!

Nyumbani mama aliposikia alikaa chini sakafuni.

"Ni shamba, Felista. Ni lile shamba la Susuni."

Baba alipofariki, Nyangwine ndiye aliyebaki akililima. Dhahabu ilipotokea pale akaingiza wachimbaji, na kila mawe yakitoka ana mgao wake. Bati jipya, pikipiki mpya, mke mpya...

"Anaogopa utarudi na elimu ya Wazungu umnyang'anye. Ukishaitwa Mkenya, huna ardhi ya kudai huku," mama akasema.

"Mama, mimi nimewahi kulitaja lile shamba?"

"Hata siku moja."

"Basi?"

"Basi mwache apelekwe hiyo Kenya yake! Akaozee huko!"

Nikatamani kweli aozee. Halafu akili ikarudi. Baba yake ndiye babu yangu! Nikimzamisha, nazama naye. Ushahidi wowote wa kuniokoa mimi lazima umwokoe na yeye. Yaani mtu anakuchoma kisu, halafu ili upone wewe, inabidi umtibu yeye kwanza.

Nikaenda Serengeti, Manchira, kwa shangazi Efrazia. Ndiye dada yao mkubwa, aliolewa huko.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umekufa hivyo?"

Nikamweleza. Hakuniuliza swali hata moja. Akajifunga kitenge, akachukua fimbo yake.

"Twende."

Siku ya uchunguzi tulikutana Susuni shambani. Afisa, mwenyekiti wa kijiji, wazee wa jirani, na Nyangwine amevaa koti la harusi. Wachimbaji wakazima karasha lao la kusagia mawe, wakaja kusikiliza. Umbea haujali kazi.

Shangazi akasimama katikati.

"Wangwe nilimbeba mimi mgongoni. Alizaliwa hapa. Huyu Nyangwine naye nikambeba, hapahapa. Kitovu cha Wangwe kilizikwa pale, mnapochimba hayo mashimo yenu."

"Kweli kabisa!" Nyangwine akadakia. "Dada anasema kweli! Wote tumezaliwa hapa!"

Ghafla baba yangu si Mkenya tena!

Shangazi hakumwangalia.

"Sijamaliza. Baba yetu alipogawa, upande huu wote mpaka mtoni alimpa Wangwe. Nyangwine alipewa kule kwenye mihogo. Kwa hiyo haya mashimo yamo kwenye shamba la Wangwe."

Afisa akamgeukia Nyangwine. "Mzee, ni kweli?"

"Hilo la shamba... hapo dada amesahau kidogo. Umri umekwenda."

Mwenyekiti akasema taratibu:

"Angalia, Nyangwine. Kama anasahau mpaka wa shamba, basi anaweza kuwa amesahau na mlikozaliwa. Chagua."

Jamani, jasho lilimtoka yule mzee! Akaangalia mashimo. Akamwangalia afisa. Akaangalia upande wa Kenya.

"Ni kweli," akasema. Sauti imekwisha.

"Sema wote wasikie."

"Ni kweli! Upande huu ni wa Wangwe!"

Wazee wakaitikia. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilisimama tu, mikono inaning'inia.

Pasipoti nikapata.

Finland wakaandika kwamba wanasikitika, msimu umeanza, kibali changu hakikukamilika, nafasi amepewa mwingine.

Nilisoma kwenye simu nikiwa dukani. Nikampimia mteja sukari, nikamrudishia chenji yake. Mama akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna. Hakukuwa na kitu ndani yangu, hata cha kulilia. Mpaka leo nasubiri kulia.

Baadaye Nyangwine akaja dukani, kofia mkononi.

"Mwanangu, nisamehe. Nilidhani ukienda kule utarudi kudai shamba."

"Baba mdogo, mimi nilikuwa naondoka. Shamba ningelibeba kwenye begi?"

"Kwa hiyo... hukulitaka?"

"Sikulitaka. Hata baada ya siku ile shambani nilimwambia mama tukuachie tu."

Uso wake ukachanua. Akacheka kabisa!

"Basi yameisha! Asante mwanangu, Mungu akubariki! Narudi nikaendelee na vijana pale..."

"Baba mdogo."

"Naam?"

"Hapo nilikuwa nina safari. Sasa sina."

Kicheko kikakatika.

"Felista..."

"Mpaka umeutaja wewe mwenyewe, mbele ya kijiji kizima. Wachimbaji nimeshaongea nao. Kuanzia wiki ijayo mgao wanaleta hapa dukani kwa mama."

Alikaa kwenye kreti la soda akitikisa kichwa. Sikumwonea huruma, sikufurahi pia.

Ndugu zangu mnaosoma, nina neno moja tu. Mtoto wa ndugu yako akipata njia ya kuondoka, usimzibie kwa sababu ya tamaa. Atabaki hapohapo ulipo, na atakuwa hana kingine cha kufanya ila kuulizia haki yake.

Angesema ukweli siku ile ofisini, sasa hivi ningekuwa Finland napima mawe ya watu, na shamba lote lingekuwa lake.