Binti Aliyepiga Simu Kuaga

Tegeni sikio, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mlioko vyuoni.

Asubuhi ile nyumba ilikuwa tulivu. Mama, fundi cherehani, alikuwa barazani akipinda sketi. Mumewe, seremala, alikuwa uani akipiga randa huku akiimba, sauti yenyewe ya kufukuza kuku. Simu ikalia. Alikuwa binti yao wa chuo kikuu, ambaye baba alimwita Daktari tangu hajaota meno.

"Shikamoo, mama. Nguo zangu mpe dada. Mniwie radhi."

"Marahaba. Mbona unaniaga, unakwenda wapi?"

Mama akatoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Nimefeli tena, mama. Baba alisema nisirudi bila udaktari. Marafiki nimewakimbia, usingizi sipati. Nimewachosha."

Ulimi ulimwasha mama aseme, "Acha ujinga!" Akayameza maneno hayo, machungu kama shubiri.

"Mwanangu, unafikiria kujiua?"

Msidhani, jamani, kwamba kuuliza ni kuchochea. Yule binti alilia kwa kwikwi.

"Ndiyo, mama."

"Ahsante kwa kuniambia. Usikate simu. Niko nawe."

Akakimbilia uani na simu sikioni, akamnong'oneza mumewe. Seremala alipoelewa, randa ilimponyoka. Akachukua simu yake, akampigia mlezi wa bweni la chuo. "Mkimbilie binti yangu! Usimwache peke yake!"

Mama akaendelea kuongea. Akasimulia gauni la kwanza aliloshona, mkono mmoja ameushona nje ndani. Upande wa pili hakujibu mtu. "Mwanangu? Mwanangu!"

Ndipo akasikia mlango ukigongwa, na sauti ya mlezi: "Fungua, binti. Nimekuja kukaa nawe."

Ukafunguliwa.

Seremala alimkuta hospitalini, alikopelekwa na mlezi, akapiga magoti kando ya kitanda. "Udaktari niliutaka mimi, mwanangu. Mimi nakutaka wewe."

Hakupona mara moja. Alisimamisha masomo, akatibiwa, akawa anaonana na mshauri. Ziko siku huzuni bado humlemea. Lakini siku hizo humpigia mama yake simu mapema.

FUNZO

Mtoto si kombe la kushindania. Kufeli, upweke, maneno makali na ugonjwa wa sonona vikikutana, hata shupavu huelemewa. Anayeaga ghafla bila safari au kugawa vitu vyake, muulize waziwazi, msikilize, usimwache peke yake, mpeleke kwa wataalamu. Nawe kijana uliyelemewa, sema leo. Mficha maradhi kilio humuumbua.