Mlango Uliopigwa Misumari

Seremala wa mtaa wetu alikosa mambo kadhaa. Alikosa nusu ya kidole cha shahada, iliyochukuliwa na msumeno zamani. Alikosa nywele utosini, alikosa sauti ya kuimba, na zaidi ya yote alikosa maneno matamu. Ukimwagiza kabati alikujibu "Ijumaa", basi. Na Ijumaa kabati lilikuwa tayari. Lakini hakukosa mke mwema. Mkewe, fundi cherehani tuliyemwita Mama Vifungo, alishona barazani huku mumewe akipiga randa uani, na cherehani na randa viliitikiana mchana kutwa kama majirani wapiga soga.

Ndipo akaja Mwalimu, mstaafu aliyeongoza kikundi cha maigizo cha mtaa. Alitaka Mama Vifungo aigize bibi anayemngoja mpenzi wake arudi kutoka safari ndefu, na Seremala ajenge sebule ya bibi huyo jukwaani.

"Na huyo mpenzi ni nani?" Seremala akauliza.

"Kinyozi."

Randa ikasimama. Kinyozi alikuwa kijana mtanashati aliyenukia tangu kona ya barabara, hata watu wakambandika jina la Manukato.

Siku ya kwanza ya mazoezi, Manukato alimshika Mama Vifungo mkono, naye akatamka, "Hata ungerudi na mkongojo, mlango huu ungekufungukia." Alitamka kwa sauti ambayo Seremala hakuwahi kuisikia nyumbani kwake. Siku ya pili Seremala alileta meza, akaiweka katikati ya wale wawili. Wiki iliyofuata meza ikawa pana zaidi. Kisha akaongeza uzio wa mbao.

"Fundi," Mwalimu akasema, "hii ni sebule au zizi?"

"Ni kwa usalama."

"Usalama wa nani? Manukato haumi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama Vifungo naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichomchoma mumewe.

Nyumbani alishindwa kujizuia. "Maneno yale umeyatoa wapi?"

"Kwenye karatasi za Mwalimu."

"Miaka kumi na mmoja hujaniambia hata moja."

"Ni mchezo, mume wangu. Ningeigiza maiti, ungenichimbia kaburi?"

"Usinitanie."

"Basi niulize unachotaka kujua."

Hakuuliza. Ndugu msomaji, angeuliza hapo, kisa hiki kingeishia kwenye kikombe cha chai. Lakini mtu anayeogopa jibu hulitunga mwenyewe, na hulitunga baya.

Jumamosi alasiri, siku ya onyesho, ukumbi ulijaa. Kabla pazia halijafunguliwa, Seremala alipita nyuma ya jukwaa kama mtu anayekagua kazi yake. Katika ule mlango ambao Manukato angeufungua ili amkumbatie bibi, alipigilia misumari minne ya inchi tatu. Hesabu yake ilikuwa fupi: Manukato atasukuma, mlango utagoma, watu watamzomea, mchezo utakwisha.

Manukato alisukuma. Mlango ukagoma. Watu wakacheka, wakidhani ndiyo hadithi yenyewe. Mama Vifungo, kwa akili ya haraka, akasema, "Mpenzi, bawaba zimeshika kutu kwa kukungoja!" Ukumbi ukashangilia. Akavuta kwa ndani, Manukato akasukuma kwa bega. Mlango haukufunguka. Ukuta mzima wa mbao ndio uliokuja, ukamwangukia Mama Vifungo aliyeinua mkono wa kulia kujikinga.

Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiganja. Ndio mkono wa mkasi.

Mwalimu alipouinua ukuta aliziona ncha za misumari. "Hii haikuwapo jana," alisema polepole. Seremala alikuwa amesimama kando, nyundo ikiwa imechomoza mfukoni mwake.

Zahanatini, mkono ulipokwisha kutiwa plasta, Mama Vifungo alisema neno moja tu kwa mumewe: "Ukuta ningeusamehe. Ukuta hauna wivu." Kisha akaenda kwa dada yake, mji wa pili.

Wiki nzima cherehani ilikaa kimya barazani. Siku ya nane Seremala alivuta mtoto wa meza ya cherehani akitafuta sindano ya kushonea kifungo, akakuta karatasi za mchezo. Pembeni ya kila neno la mapenzi mkewe alikuwa ameandika kwa penseli. "Hapa nikumbuke alivyokesha akitengeneza kitanda cha mama yangu mgonjwa." "Hapa nifikirie kidole chake." Na pale mlango unapofunguka: "Hapa nimwone yeye, anaingia kutoka uani, vumbi la mbao kwenye nyusi."

Seremala akakaa chini. Mlango alioupigia misumari ulikuwa wake mwenyewe.

FUNZO

Wenzangu wenye ndoa, wivu hujiita mlinzi, kumbe ndiye mvunja nyumba. Kama una shaka, uliza kwa mdomo, usiulize kwa nyundo. Na kama una njaa ya maneno matamu, jiulize kwanza wewe umeyatoa mangapi. Anayependwa bila kuambiwa bado anapendwa. Lakini heri kuambiana, wote wawili, mkono ukiwa bado mzima.

Seremala alilijua funzo hili kwa kuchelewa. Alikaa kwenye meza ile pana aliyoijenga kuwatenganisha watu, iliyorudishwa kutoka ukumbini, akaandika barua, yeye aliyezoea kuandika vipimo tu. Alichana karatasi tano. Ya sita ilisema: "Mke wangu. Misumari niliipiga mimi. Nimeing'oa yote. Nimesoma maneno yako ya penseli, nami nina yangu ya kukuambia, mengi, niliyokunyima miaka kumi na mmoja. Mlango uko wazi. Kama hutarudi, bado utakuwa wazi."

Gundi ya bahasha hakuiamini. Akaipaka gundi ya mbao, akaibana kwa jiriwa mpaka ikakauka, kisha akaenda posta kwa miguu, akaitumbukiza.