Aliyetangulia Kulala Bondeni

Roboti liitwalo Kipimamakazi lilizunguka bonde la sayari mpya mchana kutwa, likinusa hewa, likionja maji, likichokoa udongo. Jua lilipokaribia kuzama likatuma jibu kwenye chombo kilichokuwa kikisubiri angani: LINAKALIKA. Abiria wakakumbatiana. Mhandisi Namkunda Shemdoe peke yake ndiye aliyebaki roho juu, ingawa neno lile alilichagua yeye.

Alilitoa kwao Korogwe. Baba yake alikuwa mpangaji wa kuhamahama, na kila walipopata nyumba alitangulia na mkeka wake, akalala humo peke yake usiku mmoja. Asubuhi akisema panakalika, vyombo vinapakiwa. Akisema hapakaliki, mama haulizi sababu. Bati zima, maji yapo, lakini hawahamii. Wataalamu walilipenda neno hilo, wakalitia ndani ya roboti pamoja na vipimo vya hewa, maji na joto. Habari ya mkeka wakaiacha. Tena roboti lenyewe linatumia nguvu ya jua, kwa hiyo giza likiingia nalo hulala. Usiku wa bondeni ulikuwaje, hakuna aliyejua.

Namkunda alimsihi nahodha kwamba mtu mmoja alale kwanza. Nahodha akamkumbusha kwa upole kuwa vishukio, vile vyombo vidogo vya kuteremshia watu, havina mafuta ya kupanda tena. Atakayeshuka ndiyo ameshuka. Hapo Hizza, mdogo wake Namkunda, akasema atakwenda yeye. Mkewe Saumu, mwenye mimba kubwa, alimshika mkono. Namkunda alijuta kufungua mdomo, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Hizza akashuka peke yake, na asubuhi ya pili redio ilikwaruza. Hizza alizungumza kama mtu mwenye homa. Giza lilipoingia, alisema, ardhi ilianza kutetemeka, ikatetemeka mpaka ndani ya meno, na haikuacha hadi kulipokucha. Alitapika, damu zikamtoka puani. Hewa ilikuwa safi na maji matamu.

"Hapakaliki, dada," alisema. "Jaribuni bonde jingine, ng'ambo ya pili ya sayari."

"Na wewe?"

"Mwambie Saumu mtoto asizaliwe huku."

Nahodha akageuza chombo. Namkunda alikuwa bado ameshika redio, machozi yakimtoka, jua la bondeni lilipoliamsha Kipimamakazi. Lilipima tena hewa, maji na joto, likamwona mtu, likatuma taarifa yake.

LINAKALIKA. MKAZI MMOJA.